Gari kuukuu la turbo: piga hesabu ya mlima kabla ya kulipa

Msimu wa kahawa unapokaribia wilayani Mbinga, mahitaji ya usafiri huongezeka kila upande. Kahawa inatakiwa kutoka vijijini kwenda kwenye maghala ya vyama vya msingi, na malipo yakishafika mikononi mwa wakulima, mabati, saruji na bidhaa za madukani huanza kwenda vijijini. Upande wa ziwa, dagaa na samaki wa Mbamba Bay, Liuli na Lituhi wanatafuta soko Mbinga na Songea. Kwa mfanyabiashara mwenye mtaji mdogo, jibu la haraka ni kununua gari lake mwenyewe, na gari analolimudu mara nyingi ni lile lililotengenezwa Japani katika miaka ya 1990, lenye injini ya dizeli na turbo.

Magari haya yana sifa mbili zinazopingana. Yana nguvu mlimani na hayali mafuta kupita kiasi, lakini yana jina baya gerejini. Wapo waliopoteza mtaji wa msimu mzima kwa injini iliyonoki wiki ya pili baada ya kununua. Wapo pia wanaoyatumia mwaka wa kumi sasa bila kufungua injini. Tofauti kati ya makundi haya mawili kwa kawaida haiko kwenye bahati. Iko kwenye mambo matatu: oili, hewa na joto. Wiki hii ukurasa huu unaeleza mambo hayo, dalili za gari linaloumwa, na hesabu ambayo mnunuzi anapaswa kuifanya kabla ya kutoa fedha.

TURBO INAFANYA KAZI GANI

Injini huchoma mafuta kwa msaada wa hewa. Ikipata hewa nyingi zaidi, inaweza kuchoma mafuta mengi zaidi na kutoa nguvu kubwa zaidi. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alisajili mwaka 1905 wazo la kutumia moshi wa injini yenyewe kuzungusha pangaboi, na pangaboi hilo kuzungusha jingine linalosukuma hewa ndani ya silinda. Hiyo ndiyo turbo. Mapangaboi mawili yako kwenye mhimili mmoja: moja linapigwa na moshi wa moto, jingine linavuta hewa safi kutoka kwenye eya klina.

Kwa mtu wa Umatengo faida yake ni dhahiri. Ziwa Nyasa liko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Mbinga uko juu ya mita 1,200. Hewa ya Mbinga ni nyepesi kuliko ya pwani ya Dar es Salaam kwa zaidi ya asilimia 10. Injini ya kawaida hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Injini ya turbo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo kwa sababu inajisukumia hewa yenyewe.

Lakini mhimili wa turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na gari la dizeli likiwa na mzigo mlimani, moshi unaoupiga huweza kufikia nyuzi 600 hadi 700 za Sentigredi. Mhimili huo hauelei juu ya gololi. Katika turbo nyingi za magari haya unaelea juu ya utando mwembamba wa oili inayosukumwa na pampu ya injini. Oili ikikosekana kwa sekunde chache tu, chuma hukutana na chuma. Oili ikiwa chafu, uchafu husaga beringi. Oili ikiungua ndani ya turbo, hugeuka kuwa masizi magumu yanayoziba njia. Hapo turbo imeanza kufa ingawa gari bado linatembea.

MAGARI YENYEWE NA UDHAIFU WAKE

Mnunuzi ajue anununua injini gani, maana kila moja ina ugonjwa wake unaojulikana na mafundi.

Toyota 2L-T na 2L-TE, za lita 2.4, zilifungwa kwenye Hilux Surf na baadhi ya Prado za mwanzo. Udhaifu wake ni silinda hedi kupasuka gari likichemsha. Toyota 1KZ-TE ya lita 3.0, iliyoanza mwaka 1993 na kufungwa kwenye Surf na Prado, ina nguvu nzuri zaidi, lakini hedi yake ni ya aluminiamu na haisamehe dereva anayeendelea kwenda wakati geji ya joto imepanda. Toyota 1HD-T ya lita 4.2, ya Land Cruiser ya mwaka 1990 na kuendelea, ni injini ngumu sana, isipokuwa konrodi beringi za matoleo ya mwanzo huisha mapema. Mafundi wazoefu huzibadilisha kabla hazijaleta kelele.

Mitsubishi 4D56 ya lita 2.5, iliyomo kwenye Pajero na pikapu nyingi, ina mikanda miwili: wa taimingi na mdogo wa kusawazisha mtikisiko. Mdogo ukikatika unaweza kunaswa na mkubwa. Land Rover 300Tdi nayo inategemea mkanda wa taimingi, na baadhi ya injini hizo zilijulikana kula mkanda kabla ya wakati.

Kwenye injini zote hizi, mkanda wa taimingi ukikatika gari likiwa kwenye mwendo, valvu hugongana na pistoni. Hilo halihusiani na turbo, lakini linaua injini haraka kuliko turbo. Kama muuzaji hana ushahidi wa lini mkanda ulibadilishwa, mnunuzi ahesabu kwamba haujabadilishwa.

Kwa wenye magari ya petroli yenye turbo, kama Subaru Forester ya kuanzia 1997, mambo ni yale yale, isipokuwa moshi wa petroli ni wa moto zaidi kuliko wa dizeli. Hivyo oili huungua upesi zaidi na inahitaji kubadilishwa bila kuchelewa.

KUKAGUA KABLA YA KULIPA

Sharti la kwanza ni injini iwe baridi. Muuzaji aliyeliwasha gari kabla mnunuzi hajafika anaweza kuwa na nia njema, lakini ameficha nusu ya ushahidi. Mwambie atarudiwa kesho asubuhi. Injini ikiwa baridi, fuata hatua hizi:

1. Fungua kifuniko cha oili na uchomoe kijiti cha kupimia. Utando wa rangi ya maziwa au kahawa ya maziwa unaonyesha maji yameingia kwenye oili. Achana na gari hilo, au hesabu gharama ya hedi.

2. Fungua kifuniko cha rejeta kabla ya kuwasha. Maji yenye kutu au yenye mafuta juu yake ni dalili mbaya. Kisha injini iwashwe na uangalie. Viputo vikiendelea kupanda bila kukoma, gasketi au hedi ina hitilafu.

3. Injini ikiwa imezimwa, toa mpira unaoleta hewa kwenye turbo. Angalia mapangaboi: yasiwe na pengo wala mikwaruzo. Shika ncha ya mhimili kwa vidole. Ukicheza kidogo sana kushoto na kulia ni kawaida, kwa sababu ni nafasi ya oili. Ukienda mbele na nyuma, au pangaboi likigusa ukuta, turbo imekwisha. Utando mwembamba wa oili kwenye mpira si tatizo kwa gari la umri huu. Oili iliyotuama ni tatizo.

4. Washa na uangalie moshi wa kwanza. Moshi mweupe kidogo asubuhi ya baridi huisha baada ya dakika moja au mbili. Wa bluu unaoendelea ni oili inayoungua.

5. Jaribu gari mlimani. Kuzunguka mjini Mbinga hakutoshi. Barabara ya lami ya kilomita 66 kutoka Mbamba Bay hadi Mbinga inapanda zaidi ya mita 700, na ndiyo kipimo bora. Shuka nalo, kisha panda ukiwa na watu au mzigo wa kutosha. Geji ya joto isimame mahali pamoja. Nguvu ije kwa kuongezeka taratibu, na mluzi mwepesi usikike bila kelele ya kukwaruza.

6. Linganisha namba ya injini na ile iliyo kwenye kadi ya gari. Magari mengi ya umri huu yamebadilishwa injini, na injini isiyolingana na kadi itamletea mnunuzi usumbufu TRA wakati wa kuhamisha umiliki.

Muuzaji anayekataa hatua ya tano amekwisha kujibu swali.

HESABU

Tuchukue mfano. Bei zilizotumika hapa ni za kuonyesha njia tu, na kila msomaji aweke bei za gereji na duka lake.

Gari A linauzwa Sh. 12,000,000. Halina kumbukumbu yoyote ya matengenezo. Gari B la aina ile ile linauzwa Sh. 14,500,000, na mwenyewe ana risiti za mkanda, turbo na rejeta. Wengi watakimbilia A kwa kuona wameokoa Sh. 2,500,000.

Ili gari A lifikie hali ya B, mnunuzi anahitaji: mkanda wa taimingi na roli zake Sh. 350,000; oili na filta zote Sh. 250,000, kusafisha rejeta, thamostati na mipira mipya Sh. 300,000, katriji ya turbo Sh. 900,000, kupima na kurekebisha nozeli Sh. 400,000; na ufundi Sh. 300,000. Jumla ni Sh. 2,500,000. Magari haya mawili yana bei moja, ila la pili limeshalipiwa na mwingine.

Sasa tuseme mnunuzi wa A hakufanya chochote, akaliingiza kazini siku ile ile. Anakwenda ziwani mara tatu kwa wiki, na kila safari inambakizia Sh. 120,000, yaani Sh. 360,000 kwa wiki. Katikati ya msimu gari linachemsha mlimani na hedi inapasuka. Hedi na ufundi ni Sh. 3,500,000. Spea inasubiriwa kutoka Dar es Salaam, na gari linalala wiki tatu, maana yake Sh. 1,080,000 hazikuingia. Hasara ni Sh. 4,580,000. Gari la Sh. 12,000,000 sasa limegharimu Sh. 16,580,000, na mkanda na turbo ya zamani bado havijaguswa. Hatujahesabu wateja waliohamia kwa mwenye gari mwingine.

Funzo la hesabu hii ni kwamba gari kuukuu la turbo lina bei mbili: ile anayotaja muuzaji, na ile ya mwezi wa kwanza. Asiye na fedha ya bei ya pili hajawa na uwezo wa kununua gari hilo. Afadhali achukue gari la bei ndogo zaidi, au akodi kwa msimu mmoja huku akiweka akiba.

MWEZI WA KWANZA

Baada ya kununua, gari lisiende kazini kabla ya mambo yafuatayo kukamilika, hata kama muuzaji aliapa kwamba yamefanyika.

Oili na filta yake vibadilishwe. Tumia oili ya injini za dizeli yenye turbo, kwa kawaida ya unene wa 15W-40, kutoka duka linaloaminika. Oili iliyosafishwa kienyeji na kurudishwa kwenye makopo ya majina makubwa ni adui wa turbo kuliko vumbi. Baada ya hapo badilisha kila kilomita 5,000. Kwa safari tatu za kwenda na kurudi Mbamba Bay kila wiki, ambazo ni karibu kilomita 400, hiyo ni kila baada ya wiki 12 hivi. Oili na filta za Sh. 250,000 kwa kilomita 5,000 ni Sh. 50 kwa kilomita, au Sh. 6,600 kwa safari moja ya kwenda na kurudi. Fedha hiyo iwekwe pembeni siku ile ile, kama vile mafuta yanavyolipiwa siku ile ile.

Eya klina ibadilishwe, na boksi lake lisafishwe. Barabara kuu imewekwa lami, lakini kahawa haikai kwenye barabara kuu. Njia za kwenda mashambani na kwenye maghala ni za udongo, na msimu wa kahawa ni msimu wa kiangazi. Vumbi linalopita kwenye eya klina iliyotoboka hupiga mapangaboi ya turbo kama msasa. Kuipuliza kwa upepo wa kompresa mara kwa mara huichana karatasi yake. Ikichakaa inunuliwe mpya.

Mfumo wa maji usafishwe. Weka kulanti badala ya maji ya mtoni, badilisha thamostati, na hakikisha feni inashika injini inapopata moto. Kifuniko cha rejeta kilichochoka nacho husababisha gari kuchemsha, na bei yake ni ndogo.

Filta ya dizeli ibadilishwe, na maji yaliyokusanyika chini yake yamwagwe. Vijiji vingi vya ufukweni hupata mafuta kwa mapipa na madumu, na mapipa huweka maji na kutu. Uchakachuaji nao si jambo geni nchini. Ndiyo sababu mwaka 2010 Serikali ilianzisha utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta, na mwaka 2011 ikapandisha sana ushuru wa mafuta ya taa ili yasichanganywe na dizeli. Mafuta ya taa hupunguza ulainishaji wa pampu ya nozeli, na pampu hiyo ni ghali kuliko turbo yenyewe. Mwenye gari la turbo ajaze kituoni, Mbinga au Mbamba Bay, kabla ya kuingia vijijini.

KUENDESHA MLIMANI

Matengenezo yote hayo yanaweza kupotezwa na dereva kwa siku moja. Kuna kanuni tatu.

Kwanza, asubuhi. Miezi ya Juni na Julai Mbinga ina baridi kali, na oili baridi ni nzito. Injini ikishawaka isikanyagwe mafuta. Iache ingurume taratibu kwa dakika moja hadi oili ifike juu, kisha ondoka polepole mpaka geji ya joto ianze kupanda.

Pili, kuzima. Gari linalofika Mbinga kutoka ziwani limetoka kupanda mlima, na turbo yake ni ya moto kabisa. Ukizima papo hapo, pampu ya oili inasimama wakati mhimili bado unazunguka, na oili iliyobaki ndani inaungua. Acha injini ingurume bila kukanyaga mafuta kwa dakika mbili au tatu, kisha zima. Anayefika Mbamba Bay baada ya kushuka ametumia mafuta kidogo na turbo imepoa njiani. Kwake dakika moja inatosha. Dereva anayelipwa kwa safari ataona dakika hizi ni kupoteza muda, kwa hiyo zitajwe wazi katika makubaliano yake na mwenye gari.

Tatu, geji ya joto. Ikipita mahali pake pa kawaida, punguza mwendo na weka gia nyepesi. Ikiendelea kupanda, simama pembeni na uache injini ingurume taratibu huku ukiitazama geji. Isiposhuka, au kama maji yanamwagika, zima. Usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto, na usimwagie injini maji baridi. Hedi nyingi zimepasuliwa na ndoo ya maji iliyoletwa kwa nia njema.

Wakati wa kushuka kwenda ziwani, tumia gia ile ile ambayo ungetumia kupanda. Breki zikipata moto hupoteza nguvu, na hakuna turbo itakayosaidia hapo.

DALILI NA CHANZO

Kosa linalowagharimu wengi ni kubadilisha turbo kwanza na kutafuta chanzo baadaye. Fuata mpangilio huu, kuanzia kisicho na gharama.

Nguvu imepungua na moshi ni mweusi. Mafuta yamezidi hewa. Angalia eya klina. Kisha kagua mipira yote kati ya turbo na injini, pamoja na kipoza hewa kama gari linacho. Mpira uliopasuka chini, au klipu iliyolegea, huvujisha hewa yote iliyosukumwa. Pakaa maji ya sabuni, msaidizi akanyage mafuta, na povu litaonyesha tundu. Halafu angalia kampira kadogo kanakoendesha valvu ya kupunguza mgandamizo wa turbo. Turbo yenyewe iangaliwe mwisho.

Mluzi umegeuka kuwa king'ora. Ama hewa inavuja, ama beringi za turbo zimekwisha. Kagua mipira kwanza, kisha pima mhimili kama ilivyoelezwa juu.

Moshi wa bluu. Kabla ya kulaumu turbo, kagua bomba linalorudisha oili kutoka kwenye turbo hadi kwenye injini, na bomba la kupumulia injini. Likiziba mojawapo, oili hukosa pa kwenda na kusukumwa kupita sili. Turbo nzima hutupwa kila siku kwa sababu ya bomba lililoziba.

Moshi mweupe usioisha. Ukiwa wa asubuhi tu, plagi za kupasha moto zimekufa. Ukiendelea gari likiwa na joto, na maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja nje, hedi au gasketi imeachia.

Injini inapandisha mwendo yenyewe. Hii ni hatari kuliko zote. Sili ya turbo ikiachia ghafla, injini ya dizeli huweza kujiendesha kwa kuchoma oili yake yenyewe, na kuzima ufunguo hakusaidii. Kwenye gari la gia za kawaida, kanyaga breki kwa nguvu, weka gia kubwa na uachie klachi ili injini izimike. Kwenye gari la otomatiki, ziba mdomo wa hewa kwa ubao au kitu kigumu. Usitumie mkono wala kitambaa. Kama haiwezekani kwa usalama, kaeni mbali.

TURBO INAPOBADILISHWA

Katriji na turbo kamili hupatikana maduka ya spea ya Dar es Salaam, zikiwa mpya au za mtumba. Ya mtumba ipimwe mhimili kabla ya kulipa, kwa sababu ikishasafirishwa kilomita zaidi ya 1,000 hadi Mbinga, kuirudisha ni hasara nyingine.

Fundi atakiwe kufanya mambo manne. Abadilishe oili na filta siku hiyo hiyo. Asafishe au abadilishe bomba linaloleta oili, kwa sababu masizi yaliyoua turbo ya kwanza bado yamo ndani. Atumie gasketi ya karatasi au chuma, asipake silikoni kwenye maungio ya oili, kwa kuwa kipande chake kikikatika huziba tundu la oili. Na ajaze oili kwenye turbo kwa mkono, kisha azungushe injini kwa stata bila kuiruhusu iwake, mpaka taa ya oili izimike. Turbo inayowashwa ikiwa kavu huharibika katika dakika ya kwanza.

"TOA TURBO" NI USHAURI?

Msomaji akifika gereji atasikia ushauri wa kuondoa turbo kabisa. Ukiondoa turbo bila kupunguza mafuta ya pampu, gari litatoa moshi mweusi, litachemsha na kula mafuta bure. Ukiyapunguza, utapata gari zito lenye injini dhaifu, na kilima cha kutoka ziwani kitapandwa kwa gia ya kwanza. Kubadilisha injini nzima na kuweka isiyo na turbo kunaweza kufaa kwa mtu anayezunguka tambarare, lakini gharama yake ihesabiwe pamoja na kurekebisha kadi TRA. Kwa biashara ya Mbinga na Mbamba Bay, mara nyingi fedha hiyo ingetosha kuitunza turbo kwa misimu kadhaa.

Kwa muhtasari, mnunuzi wa msimu huu aingie sokoni akiwa na bajeti ya vitu viwili: gari, na mwezi wake wa kwanza. Ajaribu mlimani, adai injini baridi, na aanze na oili, eya klina na maji kabla ya kubeba gunia la kwanza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa injini ya turbo hujengwa katikati ya msimu, wakati wenzako wanapakia.